Fram na kesi ya First Brands: filta nilizonazo stoo nizitumie au nizitupe?

KijanaWaMoro_Houston
Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya spea. Niko Houston mwaka wa saba, napiga Uber na Camry ya 2009 injini ya 2.4, oili namwaga mwenyewe kila maili 5,000 ambazo kwa kazi yangu zinaisha haraka sana. Filta yangu miaka yote ni Fram ya rangi ya chungwa, PH4967, haijawahi kunisumbua hata siku moja.

Sasa mnajua kampuni mama ya Fram, First Brands, iliomba ulinzi wa mahakama Septemba 28, 2025, Chapta 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, na kesi yenyewe iko hapa hapa Houston kwa jaji Lopez. Mimi stoo nina boksi zima la hizo filta nilinunua kwa bei nzuri, na nusu nilitaka kumtumia kaka yangu Morogoro ana RAV4 ya injini ya 2AZ kama yangu, filta ni hiyo hiyo. Jamaa tunayepaki naye uwanja wa ndege ananiambia zitupe zote, kampuni ikishafilisika wanaanza kubana materio na hata jina linaweza kuuzwa kwa mtu yeyote akaweka takataka ndani ya kopo lile lile. Ni kweli? Hii gari ndiyo inalipa kodi na ndiyo inalipa ada ya mdogo wangu, injini ikifa kwa sababu ya filta ya dola chache sijui nitaanzia wapi.

DadaWaKaunta
Kaka pole na hongera kwa kazi. Mimi nipo Columbus Ohio, mwaka wa tano niko kaunta ya duka la spea, na hili swali tangu ile Septemba naulizwa na wateja mpaka nimelizoea.

Zilizo stoo tumia. Filta iliyotoka kiwandani kabla kampuni haijaenda mahakamani haibadiliki kwa sababu mwenye kampuni anadaiwa. Karatasi ni ile ile, raba ni ile ile, ilimradi umeziweka pakavu na hazijapigwa na joto la gereji ya Texas miaka na miaka, maana raba inakauka.

Halafu elewa kwamba jina na kiwanda ni vitu viwili. Fram ilianza 1932 huko Rhode Island na jina lenyewe limetokana na majina ya waanzilishi wawili, Franklin na Aldham, lakini tangu hapo limeshabebwa na wengi: Bendix, Allied, Honeywell, halafu 2011 Honeywell wakaliuza kwa Rank Group ya New Zealand kwa dola milioni 950, ndipo baadaye likafika First Brands pamoja na Trico, Raybestos, Autolite na mengine mengi. Mikono yote hiyo na kopo limebaki la chungwa. Kiwanda kikubwa cha Greenville kipo huku kwetu Ohio, karibu saa mbili kutoka ninapokaa, na waliokuwa wanakunja karatasi pale hawana uhusiano wowote na mikopo iliyowazamisha mabosi.

Na kilichowazamisha sio filta mbovu, hapo watu wengi hawaelewi. Walikuwa wanauza ankara zao, yaani duka likichukua mzigo na kuahidi kulipa baada ya siku kadhaa, kampuni inaipeleka ile ankara kwa mkopeshaji inapata hela leo. Wakopeshaji wanadai ankara zingine ziliuzwa zaidi ya mara moja, na mmoja wao, Raistone, aliiambia mahakama kwamba hadi dola bilioni 2.3 hazionekani zilipo. Siku wanaingia mahakamani walikuwa na kama dola milioni 12 tu benki, wakati madeni yanahesabiwa kwa mabilioni. Novemba kampuni yenyewe ikamshtaki mwanzilishi wake, Patrick James, yeye amekana.

Chapta 11 sio kufunga duka. Wanapewa ulinzi wadai wasiwavamie huku wanaendelea kufanya kazi, na mwanzoni kabisa walipata mkopo wa dola bilioni 1.1 ili mitambo isisimame. Kinachofuata kwa kawaida ni kujipanga upya na madeni kupunguzwa, au kuuza vipande vipande. Kikiuzwa kipande, mnunuzi anachukua jina, mashine, michoro na mikataba, na madeni ya zamani yanabaki nyuma wadai wagombanie ile hela ya mauzo. Angalia GM. Waliingia mahakamani Juni 1, 2009, Julai 10 mali nzuri zikahamia kampuni mpya, siku arobaini tu, na ACDelco, brandi yao ya spea, ikiwemo. Wewe uliona filta za ACDelco zikipotea kaunta? Federal-Mogul nao walikaa mahakamani kuanzia 2001 mpaka mwisho wa 2007 kwa madai ya asbestosi na plagi zao za Champion ziliendelea kuuzwa miaka yote hiyo.

Fundi_Gerezani
Dada hapo juu kaeleza vizuri sana upande wa makaratasi. Mimi ni fundi tu Dar, niongezee upande wa mikono.

Kijana, usibishane na jamaa yako kwa maneno, pasua filta. Mimi hapa gereji napasua kila filta ninayoitilia shaka na ni kitu cha dakika kumi. Usitumie msumeno ukiweza maana unga wa chuma unakuingia ndani halafu unadhani injini inajisaga, tafuta kile kikata bomba cha kuzungusha, zungusha taratibu pale juu karibu na uzi mpaka kifuniko kiachie. Toa karatasi, ikate pembeni, ikamue kwenye kitambaa halafu ifungue kama kinanda kwenye mwanga. Tazama mikunjo, imelala sawa au imekusanyana upande mmoja na kwingine imeachia nafasi. Tazama gundi pale mwanzo na mwisho wa karatasi vinapokutana, hapo ndipo filta rahisi inapoachia na oili inapita bila kuchujwa. Halafu ile raba ya ndani inayozuia oili isirudi chini gari likilala, ibonyeze, ikunje, ikiwa ngumu kama soli ya kiatu asubuhi utasikia injini inagonga sekunde mbili tatu kabla oili haijapanda.

Hiyo Fram ya chungwa watu wanaisema sana kwamba sahani za juu na chini ni za karatasi ngumu badala ya bati. Ni kweli ndivyo zilivyo na ndivyo zilivyokuwa hata kampuni ikiwa na hela. Kwa maili elfu tano mimi sioni tatizo. Kama unataka kwenda maili elfu kumi nunua daraja la juu.

Pasua moja ya zamani na moja utakayonunua mwakani, weka pamoja mezani. Kama wamebana materio utaona kwa macho.

Mwas_KirinyagaRd
Niko Nairobi, nauza spea hapa Kirinyaga Road. Mimi naona mumesahau kitu moja. Hilo jina Fram sio lazima mwenye nalo Marekani ndiye mwenye nalo kila mahali. Ulaya filta za Fram kwa miaka mingi zilikuwa chini ya Sogefi ya Italia kwa laiseni, na 2024 Sogefi wakauza hiyo biashara yote ya filta kwa Pacific Avenue ya Marekani. Kwa hivyo mtu anaweza shika kopo mbili zimeandikwa jina moja na zimetoka kwa watu wawili hawajuani kabisa. Soma ile maandishi ndogo imetengenezwa wapi, sio rangi tu.

Na kuna kitu inaniuma kama mfanyabiashara. Brandi ikiyumba, mzigo orijino unapungua sokoni lakini wateja bado wanauliza hilo jina, basi ule mwanya feki ndiyo zinaingia. Mimi nimeletewa katoni nzima ya brandi fulani (sitaitaja) baada ya wenyewe kusimama kusapplai, kopo safi, karatasi safi, mteja wangu akaweka kwa Probox yake, siku ya pili alikuja na oili imemwagika mpaka kwa brake kwa sababu ile gasket ilikuwa nyembamba na haikukaa kwa mfereji wake. Nilimnunulia oili mpya kwa pesa yangu, na hiyo katoni nikaichoma badala ya kuiuza kwa mwingine. Kwa hivyo ndugu yako wa Morogoro mtumie hizo za stoo yako, ni afadhali unajua zimetoka kwa duka gani. Huku kwetu akikosa, Sakura, VIC au ile ya Toyota yenyewe kutoka kwa muuzaji anayemjua, hatakosa usingizi.

BabaJunior_MN
Ongezeni habari ya waranti. Mimi hapa Minnesota nilikuwa na alteneta niliyouziwa kwa waranti ya maisha, kampuni ikafa, nikaenda na risiti nikaambiwa jina limenunuliwa lakini ahadi za zamani hazikununuliwa. Nikajaza fomu ya wadai. Kwenye foleni hiyo wewe uko nyuma ya mabenki, sikupata hata senti. Kwa hiyo filta ikiharibu injini leo usitegemee barua ya waranti iliyo nyuma ya boksi.

DadaWaKaunta
@BabaJunior_MN pole sana, ni kweli inatokea, ila inategemea. Kampuni nyingi zikiingia Chapta 11 wiki ya kwanza kabisa zinaomba ruhusa ya jaji ziendelee kuheshimu waranti, kwa sababu wateja wakikimbia hakuna cha kuokoa. Pakiuzwa, mkataba wa mauzo ndio unasema mnunuzi anabeba ahadi zipi. Kijana, weka risiti na uandike maili za kila sevisi, na ukidai dai mapema. Kwenye kaunta yangu watu wanakuja na filta iliyopasuka bila karatasi hata moja, sina cha kuwasaidia.

KijanaWaMoro_Houston
Wakuu nashukuru sana. Fundi shikamoo, jana usiku nimefanya ulivyosema. Nimenunua kile kikata bomba, nikapasua ile niliyotoa kwenye gari na moja mpya ya juzi kutoka dukani, nikazilaza kwenye gazeti pale jikoni mke wangu akaniangalia sana. Mikunjo ni sawa, gundi sawa, raba zote mbili laini. Kwenye ile ya zamani sikuona vipande vinavyong'aa, masizi tu. Makopo yote mawili nimeandika tarehe kwa maka, nitafanya hivyo hivyo kila boksi jipya.

Sita zinaondoka Jumamosi na mzigo wa Morogoro. @Mwas asante kwa ile ya gasket, nimemwambia kaka aipake oili kidole kimoja na aangalie imekaa kwenye mfereji kabla hajafunga.