Kaunti imetangaza kwamba mradi unakaribia kukamilika, lakini wakazi hawauoni: tuthibitishe wapi?

Mkazi wa Wadi

Wanajukwaa, hamjambo. Ninaishi katika wadi ya mashambani nchini Kenya. Kaunti yenyewe sitaitaja, kwa kuwa nia yangu ni kuelewa utaratibu wala si kumchafulia mtu jina. Habari za maendeleo hutufikia kwa njia mbili tu, yaani ukurasa wa serikali ya kaunti mtandaoni, ambao aghalabu hujaa picha za viongozi wakikata utepe, na hotuba za mazishini. Kupitia njia hizo tulielezwa kwamba wodi ya akina mama katika zahanati yetu imefikia asilimia 80, kisha baadaye tukaambiwa kwamba imefikia asilimia 70, ilhali jengo lenyewe halina milango wala maji. Aidha, kuna barabara ya kwenda sokoni ambayo mwakilishi wadi anasema ni ya serikali ya kitaifa, naye mbunge anasema ni ya kaunti.

Ninauliza hivi: mwananchi wa kawaida anaweza kupata wapi taarifa anayoweza kuitegemea kuhusu mradi mmoja mahususi, na je, maofisa wanalazimika kisheria kumpa taarifa hiyo akiiomba?

Mhasibu Mstaafu

Ndugu Mkazi, picha za utepe ziache kando kwanza, ushike kalenda ya bajeti, kwa sababu mradi wowote wa kaunti ulio halali lazima uwe umeacha alama katika hati kadhaa kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Hati ya kwanza ni Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ambao huwa wa miaka 5. Unaotumika sasa ni ule wa 2023 hadi 2027. Kutokana nao hutolewa mpango wa maendeleo wa kila mwaka, ambao Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka uwasilishwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai bajeti ikiwa imepitishwa. Kama wodi yenu haimo katika makadirio ya mwaka huu, tangazo la asilimia yoyote ile ni maneno matupu, kwa maana hakuna shilingi iliyotengewa kazi hiyo.

Kutengewa fedha, hata hivyo, si kulipwa, na hapa ndipo wengi hupotoshwa. Kila robo mwaka inapomalizika, hazina ya kaunti ina mwezi mmoja wa kuandaa ripoti ya matumizi, kuiwasilisha bungeni na kuitangaza kwa umma. Msimamizi wa Bajeti, ambaye ofisi yake imewekwa na Ibara ya 228 ya Katiba, naye hutoa ripoti zake kuhusu kaunti zote 47, na humo utaona kila idara ilitengewa kiasi gani na ikatumia kiasi gani, fedha za maendeleo zikiwa zimetenganishwa na zile za mishahara na uendeshaji. Mimi binafsi huanza na ripoti hizo, kwa kuwa haziandikwi na wale wanaojisifu. Ukikuta idara ya afya imetumia sehemu ndogo sana ya fedha zake za maendeleo huku robo ya tatu ikiwa imekwisha, usishangae milango haijafika. Fedha ambazo hazijatumika kufikia tarehe 30 Juni hurudi katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na mradi hauna budi kutengewa fedha upya. Nimeona majengo yaliyosimama miaka kwa sababu hiyo pekee, bila mtu yeyote kuiba chochote.

Mkandarasi Mdogo

Naunga mkono hoja ya mhasibu, ila niongeze jambo kuhusu asilimia, kwani nimefanya kazi za aina hiyo. Mtu akikwambia jengo limefika asilimia 80, muulize: asilimia 80 ya nini? Inaweza kuwa ya muda wa mkataba uliokwisha kupita, ya fedha zilizolipwa, au ya kazi iliyopimwa na mhandisi wa kaunti, na hesabu hizi tatu hazilingani hata kidogo. Kuta na paa huonekana kutoka mbali, kwa hiyo mpita njia, na hata kiongozi, hudhani kazi imebaki kidogo, kumbe mabomba, nyaya za umeme, vigae na milango bado vinadai sehemu kubwa ya gharama.

Kushuka kutoka 80 hadi 70 nako kunawezekana bila mtu kusema uongo, iwapo mkataba uliongezewa kazi nyingine katikati ya ujenzi. Nyongeza hizo zina mpaka wake: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hairuhusu mabadiliko yote kwa jumla yapandishe bei ya awali ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Kwa hiyo ulizia bei ya awali na bei ya sasa, na ulinganishe. Mara nyingine, niseme ukweli, mkandarasi huondoka kwa sababu hajalipwa; mgao wa kitaifa huchelewa kufika, kaunti huahirisha malipo, nasi tunabaki na mikopo ya benki.

Wakili wa Kijijini

Kuhusu swali lako la pili, jibu ni ndiyo, wanalazimika. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuitumia haki hiyo. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, hulipii kuliwasilisha ingawa unaweza kutozwa gharama ya kunakili hati, na sababu zako za kuomba, uzitoe au usizitoe, haziathiri haki yako. Asiyeweza kuandika huruhusiwa kueleza kwa mdomo, na ofisa ndiye anayepaswa kuliandika ombi hilo. Ofisi husika ina siku 21 za kujibu, muda unaoweza kurefushwa mara moja tu kwa siku zisizozidi 14. Ikinyamaza, sheria inahesabu kimya hicho kuwa ni kukataliwa, nawe una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi tunaijua kama ofisi ya Ombudsman, ipitie uamuzi huo upya.

Kuhusu barabara, Jedwali la Nne la Katiba linaziweka barabara za kaunti chini ya kaunti na barabara kuu chini ya serikali ya kitaifa. Kuna pia barabara za mashambani zinazosimamiwa na KeRRA, ambalo ni shirika la kitaifa, na hapo ndipo viongozi hupata nafasi ya kusukumiana lawama. Usiwaulize wanasiasa. Andikia pande zote mbili ukitaja barabara inaanzia wapi na kuishia wapi. Ofisi ambayo haina taarifa hiyo lakini inamjua aliye nayo inapaswa kulihamisha ombi lako ndani ya siku 5.

Mkazi wa Wadi

Nawashukuru sana. Nilikuwa nimedhani kwamba barua ya aina hii huandikwa na mawakili pekee. Je, niielekeze kwa gavana, na niombe nini hasa ili wasinijibu kwa maelezo ya jumla?

Wakili wa Kijijini

Mwandikie katibu wa kaunti, na nakala moja umpelekee mkuu wa idara ya afya. Usiombe "taarifa kuhusu zahanati", kwa sababu ombi pana namna hiyo hupata jibu pana. Omba nakala ya mkataba wa wodi hiyo, jina la aliyepewa zabuni, bei ya awali pamoja na nyongeza zote, malipo yaliyofanywa hadi sasa na tarehe zake, na nakala ya kila cheti cha kazi iliyopimwa na mhandisi. Vyeti hivyo ndivyo vitakavyokuonyesha zile asilimia zilikokotolewa vipi. Iwapo majibu yatakuja na yakaonyesha kasoro, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakuruhusu kuwasilisha malalamiko rasmi katika bunge la kaunti kupitia kwa karani wake, na hapo majirani wakitia sahihi pamoja nawe huwa ni bora zaidi.

Barua uipeleke kwa mkono ukiweza, na usiondoke kabla nakala yako haijapigwa muhuri wenye tarehe, kwa kuwa zile siku 21 huhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa.