Mrejesho: ile projekti ya mwisho ya usanifu majengo

Wakuu habari za muda, mimi ndo yule niliyeuliza nipresenti vipi projekti yangu ya kumaliza chuo, lile soko la ghorofa la Mbagala. Imepita jamani, ila na marekebisho.

Kilichonibeba ni ushauri wa kuachana na slaidi nianze na seksheni moja kubwa (mchoro wa jengo kama limekatwa katikati uone ndani), basi nikaibandika katikati, skeli 1:50, nikawaonyesha upepo wa kusi unavyoingia chini na joto linavyotoka nje kupitia juu ya paa, na kwa nini pande ndefu zinatazama kaskazini na kusini ili kukwepa jua la asubuhi na jioni, paneli nzima ya wasahihishaji ikatulia, mmoja akasogea kabisa na miwani yake. Ule ushauri wenu wa kumuelezea mama ntilie kwanza nao umelipa, ndo aliyeniuliza maji ya samaki yanaenda wapi, na paneli wakauliza hivyohivyo!

Modeli ya jengo ndo iliniangusha, gundi iliachia kwenye bajaji na lile jua la mchana. Ngazi za dharura pia walinibana, wanataka zipanuliwe, nazirudia sasa hivi. Na wewe uliyenishauri "printi mapema", foleni ya steshenari siku ile ilikuwa balaa, ubarikiwe sana.