Tupeane uzoefu: jina la mboga lililokufungua macho

Salaam wadau wa Mtwara na Lindi. Naanza mimi.

Mwaka wangu wa kwanza kulima saladi hapa Mikindani, nilikata shina likatoa utomvu mweupe. Nikajua ni ugonjwa. Niling'oa tuta zima nikatupa, na mpaka leo roho inaniuma. Baadaye mwalimu mmoja mstaafu akanieleza kuwa Warumi waliiita mboga hii lactuca, kutokana na lac, yaani maziwa, kwa sababu ya utomvu uleule niliouogopa. Wahispania wanaiita lechuga, na maziwa kwao ni leche. Hata Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipoiandika kwa jina la kisayansi Lactuca sativa mwaka 1753, maziwa aliyaacha humo humo. Sativa maana yake ni ya kupandwa. Neno letu saladi limetoka kwenye sal, chumvi, kwa majani yaliyokuwa yakiliwa na chumvi. Basi jina tulilopokea sisi ni la chakula kilichokwisha kuandaliwa, halimwambii mkulima chochote. Lile la Kirumi lingeniokolea tuta.

Wewe je?

Mdau wa Ndanda: Pole sana dada. Maziwa hayo sisi tunayajua kwenye mchunga. Bibi yangu akichuma, vidole vilikuwa vinanata. Alituambia uchungu umo ndani ya jina lenyewe, kwa hiyo anachemsha kwanza, anamwaga maji, ndipo anaunga kwa karanga. Mchunga na saladi ni ukoo mmoja, ule wa alizeti. Ndiyo maana saladi ikipigwa jua ikakimbilia maua, nayo inakuwa chungu. Mimi navuna alfajiri, kabla shina halijarefuka.

Muuza mboga, Lindi mjini: Kwangu ni figili. Mzee mmoja wa Kiarabu kila akija mezani pangu anasema "fujl", nami namrekebisha. Siku moja akaniambia kwa upole, mwanangu, neno hilo ninyi mmelichukua kwetu. Nilimwomba radhi. Mpaka leo fungu lake namwekea pembeni.

Mwanzisha mada: Kaka wa Ndanda, asante. Mchunga umejiotea nyuma ya nyumba yangu miaka yote na sikuwahi kuufananisha na saladi. Nimetoka kuvunja jani sasa hivi: maziwa yaleyale. Mbegu za saladi nitazimwaga kitaluni mwezi wa sita, kipupwe kikianza. Unazitilia kivuli cha makuti au unaziacha wazi?