Comanche kwenye modi yangu ina nguvu kupita kiasi

MsukaModi: Natengeneza modi, yaani toleo lililobadilishwa la mchezo wa kompyuta. Mchezo ni wa zamu, ramani ya miraba. RAH-66 Comanche yangu, helikopta ya Marekani ya kukwepa rada, haionekani kabisa mpaka irushe kombora. Mchezaji mwenye mbili anamaliza vifaru vyote bila kujibiwa. Nirekebishe wapi?

JichoAngani: Tatizo ni hilo neno "kabisa". Umbo lile hufupisha umbali wa kugunduliwa na rada, halimfichi mtu machoni. Ikiwa helikopta nyingine huonekana na rada kwa miraba 8, hii ipe 3, na askari wa miguu waione wakiwa mraba wa jirani. Kisha kagua msimbo: huenda hali ya kujificha inarudi zamu yako inapoisha, kwa hiyo adui hapati nafasi ya kuifyatulia. Irudishe mwanzoni mwa zamu yako inayofuata.

Kombora6: Punguza na silaha. Ndani ilibeba makombora ya Hellfire 6 tu, 3 kwa kila mlango wa ubavuni, pamoja na mzinga wa milimita 20. Mabawa ya nje yaliongeza 8, lakini yakaharibu umbo la kukwepa rada. Mpe mchezaji achague kabla ya kuruka: makombora 6 na umbali 3, au 14 na umbali 6. Uono uwe mkubwa, miraba 7 hivi, maana kazi yake ya kwanza ni upelelezi.

JichoAngani: Kwa ramani za kihistoria, ziwe 2 tu. Ndizo zilizoruka kabla mradi haujafutwa 2004.