Vidude vya sumaku vya kushtua ubongo bila waya, tusubiri au mzee afanyiwe oparesheni?

Mwana_Pwani: Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ana Parkinson mwaka wa 6 sasa, mkono unatetemeka mpaka chai tunamjazia nusu kikombe na bado inamwagikia kwenye sosa. Daktari kagusia oparesheni ya kuingiza waya kwenye ubongo, betri inakaa chini ya ngozi kifuani, mzee kusikia betri kagoma kabisa anasema yeye sio tochi 😂 Sasa nimekutana na habari ya Wamarekani wanaochoma sindano ya vitu vidogo kuliko vumbi halafu wanaviwasha kwa sumaku ya nje. Kweli au stori za mtandaoni?

fundi_redio: Kweli mkuu, ila kwa panya. Hao ni MIT, chuo kikuu cha Marekani, timu ya mtafiti Polina Anikeeva, walitoa 2024. Ni vidiski vya kama nanomita 250, yani ukivipanga 300 hivi ndo unene wa unywele. Ndani madini ya chuma, juu kumepakwa bariamu titaneti, na hiyo ukiibana inatoa umeme, si unajua kiberiti cha gesi cha kubonyeza, tak! cheche hiyo bila betri, ndo mambo yaleyale. Sumaku ikibadilika chuma kinajivuta, ganda linabanwa, seli ya ubongo inashtuka.

Chausiku88: Si kulikuwa na ile ya sumaku kupasha moto vichembe ndani ya ubongo?

fundi_redio: Ya 2015, timu hiyohiyo. Ila ile ilibidi seli ziongezewe kwanza jeni ya kuhisi joto, ileile inayohisi pilipili, na inapelekwa na kirusi. Hii mpya haihitaji hiyo.

dada_wa_wodi: Kaka usisubiri. Waya una historia, daktari Benabid alianza Grenoble huko Ufaransa 1987, Marekani wakaruhusu kwa Parkinson 2002. Waya ukileta shida unazimwa, hata kutolewa unatolewa, sasa hivyo vidiski vikishasambaa humo nani atavikusanya? Na kichwa cha panya kinaenea kwenye koili ndogo tu (waya uliozungushwa unaotoa sumaku), cha mtu ni habari nyingine maana sumaku inaisha nguvu haraka ukienda mbali. Cha kuangalia ni hiki, akimeza levodopa, dawa ya Parkinson, anatulia? Kama anatulia hata masaa mawili, mara nyingi hao ndo waya unawasaidia. Na betri za kuchaji zipo, chaja inawekwa juu ya ngozi tu.

Mwana_Pwani: Anatulia dada, asubuhi vifungo anafunga mwenyewe, ikifika adhuhuri ndo tunarudi kulekule. Hiyo ya chaja nimemwambia sasa hivi, kaniuliza "na umeme ukikatika?"