Mjadala: Kemia ya chuo cha jamii ihesabiwe sawa na ya chuo kikuu?

MLETA MADA: Wadau, hasa mnaolea watoto Marekani, hili naomba tulijadili. Kule California yuniti moja (kipimo cha uzito wa kozi kuelekea shahada) ya chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka 2, ni dola 46 kwa mkazi wa jimbo, na mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa kabisa. Ndiyo maana familia nyingi zinampeleka kijana huko miaka 2, kisha anahamia chuo kikuu kumalizia shahada. Kwa kemia mpango huo unakwama kirahisi, na miaka 2 ya mwisho inageuka 3.

Kemia ina mfuatano usiorukika. Kemia ya jumla mihula 2, ndipo kemia ogania (ya michanganyiko ya kaboni) mihula 2. Kemia ya kifizikia haikupokei bila kalkulasi na fizikia.

Sasa kinachoniuma. Kijana kasoma ogania yote chuo cha jamii. Mchana mzima kasimama maabara, kakeneka, kasafisha fuwele, kapima kiwango cha kuyeyuka, kaandika kila kitu daftarini kwa wino. Akihamia chuo kikuu kinachoweka ogania mwaka wa 3, anaambiwa: somo tumelikubali, ila yuniti zake ni za ngazi ya chini, ya miaka 2 ya kwanza, kwa hiyo zile za ngazi ya juu, ya miaka ya mwisho, bado unadaiwa. Anatafuta kozi nyingine za kujazia, kwa ada ya chuo kikuu. Sheria ya AB 1111 ya mwaka 2021 inavitaka vyuo vya jamii vyenyewe vitumie namba ileile kwa kozi zinazofanana. Kwa nini vyuo vikuu vya umma navyo visibanwe? Nawasilisha.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, hapo napingana nawe. Mimi nasimamia maabara ya wanafunzi. Vyuo vya jamii havilingani: kimoja kina mashine ya NMR, inayotumia sumaku kuonyesha muundo wa molekuli, kingine mwanafunzi anapewa grafu iliyochapwa aitafsiri, sampuli hajawahi kuiingiza kwenye mashine kwa mkono wake. Ukilazimisha usawa kwa sheria, anayeumia ni huyo huyo kijana akifika kwenye kozi ya uchambuzi kwa vifaa.

MCHANGIAJI WA PILI: Mnasahau washauri wa masomo! Binti yangu aliambiwa amalize kwanza masomo ya jumla, historia na sanaa, sayansi itafuata. Kahamia na ogania hajaigusa. Hilo sheria ya namba italitibu vipi?

MLETA MADA: Dada, umenigusa, na nakubali halitatibiwa na namba. Kwa kemia, masomo ya jumla mengine yanaweza kungoja. Ogania, kalkulasi na fizikia hayangoji. Tovuti ya ASSIST inaonyesha bure kozi ipi ya chuo kipi inakubaliwa wapi, na mtoto aifungue muhula wa kwanza kabisa, akiwa na chuo anachokitaka kichwani. Sita kati ya kampasi za University of California zina mkataba wa nafasi ya uhakika kwa anayehamia kutoka chuo cha jamii, ila Berkeley, UCLA na San Diego hazimo, na masharti ya kila fani yasomwe.

Mkuu wa maabara, hoja ya NMR ni nzito. Lakini dawa yake ni jimbo kununua mashine, au chuo kikuu kumpa mhamiaji mtihani wa vitendo. Akifaulu, apewe yuniti zake kamili. Huo mtihani ungeukubali?

MCHANGIAJI WA KWANZA: Wa vitendo, ndiyo. Wa karatasi, hapana.