Babu anayelala barazani mwa duka langu, nimsaidieje?

Bwana asifiwe wapendwa. Nina duka Mabibo. Tangu masika yaanze, kuna mzee analala barazani kwangu juu ya boksi la sabuni. Alfajiri nikifungua nakuta ameshalikunja na kufagia, hata vizibo vya soda ameokota. Nampa chai na chapati mbili. Moja anakula, ya pili anaifunga kwenye gazeti. Sasa mwenye nyumba anataka aondoke, eti anafukuza wateja. Na Jumapili padre katusomea Isaya 58, kwamba mfungo ni kumleta nyumbani kwako maskini asiye na makao. Nina chumba kimoja na watoto watatu!

Jibu 1
Dada, usimwingize ndani kwa pupa, una watoto. Mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu ofisi ya ustawi wa jamii. Ila jina lake unalijua?

Jibu 2
Peleka suala jumuiya. Sisi Tandika tulimchangia mama mmoja godoro na kodi ya miezi mitatu. Manung'uniko yalikuwepo, sitaficha. Sasa anauza maandazi.

Jibu 3
Godoro baadaye. Mvua hii, mtafutie turubai leo.

Muulizaji
Turubai nimepata. Jina sikuwa nalijua, nimeona haya. Nilipomuuliza akacheka: "Niite Babu tu." Kumbe chapati ya pili humpelekea mwenzake mwenye kidonda mguuni, kwenye kituo cha daladala. Kesho nakanda za watu wawili. Jumuiya ni Jumamosi, nitaleta mrejesho.